Usaili wa kuombea chuo Marekani: uufanye au uuache, na ujiandaeje

Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya hana pa kuuzoea usaili wa kuingia chuo. Kwetu udahili ni alama. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka, mwombaji anaangalia vigezo vya TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, na kutuma maombi. Kenya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanatoka, na KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni, inampangia kozi. Hakuna anayekuita mkae chini mzungumze. Ndiyo maana anayeomba vyuo vya Marekani hushtuka siku inapoingia barua pepe ya mtu asiyemjua, inayosema kwamba mwandishi ni mhitimu wa chuo fulani na angependa waongee wiki ijayo. Kuna anayedhani ni matapeli, anaifuta. Kuna anayedhani ameshachaguliwa, anautangazia ukoo mzima. Wote wawili wamekosea.

Jibu fupi ni hili: ukiitwa, nenda. Usipoitwa, usihangaike. Na kama insha zako za maombi bado hazijakaa sawa, acha haya kwanza ukazimalize, kwa sababu insha mbovu haiokolewi na mazungumzo ya dakika arobaini.

Uzito wake hasa

Kwenye vyuo vingi anayekusaili si mfanyakazi wa ofisi ya udahili. Ni mhitimu anayejitolea: daktari aliyeko Nairobi, mhandisi wa Houston, mwalimu wa Dubai. Mara nyingi faili lako hajaliona. Anachopewa ni jina, shule, mawasiliano, na pengine fani unayotaka kusoma. Alama zako hazijui, insha hajaisoma. Mkimaliza anaandika ripoti fupi, na ripoti hiyo inaingia kwenye faili pamoja na matokeo yako ya miaka yote ya sekondari, barua za walimu na insha.

Sasa pima mwenyewe. Maneno ya mtu aliyekuona kwa saa moja hayawezi kushindana na ya walimu waliokuona kwa miaka. Tena wasaili wengi ni watu wema, huandika mema. Ripoti inayosema "kijana mwerevu, mwenye adabu, atafaa" inafanana na nyingine nyingi na haimsogezi mtu popote. Inayosogeza ni yenye kitu cha kushika: alinieleza hesabu aliyoifanya, nilipombishia akanionyesha nilipokosea, tukacheka. Inayorudisha nyuma ni ile inayosema mwombaji alikuwa anasoma majibu kwenye skrini, au hakujua chuo kina nini, au mzazi alikuwa anamjibia pembeni. Na kutotokea bila taarifa kunazidi yote hayo kwa ubaya.

Kwa mwombaji wa kwetu ipo faida moja ambayo Mmarekani haihitaji. Msomaji wa faili anaweza kuipenda insha yako na bado akajiuliza: huyu ataweza kubishana darasani kwa Kiingereza? Msaili akiandika kwamba mliongea saa nzima bila kukwama, swali hilo limejibiwa na mtu aliyekusikia kwa masikio yake. Ndiyo maana vyuo kadhaa hupokea pia video za usaili uliorekodiwa na kampuni ya InitialView, na mtihani wa Kiingereza wa Duolingo hupeleka chuoni kipande cha video yako ukizungumza. Hiyo ya Duolingo watu huipuuza. Usiipuuze.

Kujua chuo chako kinaupa usaili uzito gani, usiulize mitaani. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka hati ya takwimu iitwayo Common Data Set. Tafuta mtandaoni jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu na mwaka, fungua hati, nenda sehemu ya C, kifungu C7. Ni jedwali lenye safu nne: jambo fulani ni muhimu sana, ni muhimu, huzingatiwa, au halizingatiwi. Soma mistari miwili. Mmoja umeandikwa "Interview". Mwingine uko chini kabisa na unahusu kiwango cha nia ya mwombaji, yaani kama chuo kinahesabu umejishughulisha nacho kiasi gani. Usaili ukiwa hauzingatiwi, basi mazungumzo yoyote watakayokupa ni ya kukupa taarifa tu. Nenda ukiwa na maswali, usipoteze usingizi. Lakini usaili au nia vikiwa vimewekwa alama, kukataa mwaliko kunakugharimu hata kama barua imesema ni hiari.

Vyuo vinatofautiana sana. University of California, pamoja na matawi yake yote makubwa, kwa kawaida haisaili waombaji wa shahada ya kwanza. Amherst na Williams nao hawana usaili wa kupima. Chicago na Brown waliachana na usaili, wakaweka video fupi ambayo mwombaji anajirekodi mwenyewe. Harvard, MIT na Princeton hutumia wahitimu kulingana na waliopo. Yale huongeza na wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Huko huombi usaili, unaitwa, na asiyeitwa haadhibiwi. Georgetown inauhesabu usaili wa mhitimu kuwa sehemu ya maombi, ila asipopatikana mhitimu wa eneo lako unasamehewa. Mambo haya hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa udahili wa mwaka unaoomba wewe, si aliosimuliwa kaka yako aliyeomba miaka minne iliyopita.

Panapohitaji wepesi wako ni kwenye vyuo vidogo vya sanaa na sayansi, vile vya wanafunzi elfu mbili hivi. Vingi kati yake hukuachia ujiandikishe mwenyewe kupitia tovuti yao. Nafasi hufunguliwa mapema, hujaa, hufungwa kabla au karibu na tarehe ya mwisho ya maombi. Mwanafunzi anayesubiri kuitwa na chuo cha namna hiyo atasubiri hadi matokeo yatoke. Unapotengeneza orodha yako ya vyuo, ongeza safu moja: "wananiita" au "najiandikisha".

Oxford na Cambridge za Uingereza ni habari nyingine kabisa. Kule usaili ni mtihani wa mdomo: unafanywa na wahadhiri wa somo lako, kwa kawaida mwezi Desemba, baada ya maombi kufungwa tarehe 15 Oktoba. Utapewa grafu, shairi au fumbo la hesabu usilowahi kuliona, na wanachotaka kuona ni jinsi unavyofikiri kwa sauti na jinsi unavyolipokea dokezo. Mbinu za mikasa zitakazofuata hapa chini hazitakufaa sana huko. Kinachofaa ni kukaa na mwalimu wa somo na maswali magumu ubaoni.

Barua ikishafika

Aliyeomba kwa awamu ya mapema, yenye mwisho wa tarehe 1 Novemba kwa vyuo vingi, ategemee kuitwa kati ya Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Wa awamu ya kawaida, inayofungwa mwanzoni mwa Januari, aanze kutazama Januari na Februari. Katika miezi hiyo fungua barua pepe kila siku pamoja na folda ya barua taka, maana mhitimu huandika kutoka anwani yake binafsi ambayo simu yako haiijui. Mtu wa MIT atajitambulisha kama "Educational Counselor". Huyo ndiye msaili, si mshauri wa shule.

Utamjuaje tapeli? Msaili wa kweli haombi pesa kwa jina lolote lile: si ada ya usaili, si ya kuharakisha faili. Haombi namba ya pasipoti wala nywila. Hakualiki nyumbani kwake wala hotelini chumbani. Ukiwa na shaka, ingia kwenye akaunti yako ya mwombaji au uiandikie ofisi ya udahili kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yao, uulize kama wamekupangia mtu. Hakuna atakayekuchukia kwa kuuliza.

Jibu ndani ya siku moja. Sentensi nne zinatosha: unashukuru, unataja nyakati tatu unazopatikana katika siku mbili tofauti, unasema kama utatumia video au mtakutana ana kwa ana, unaweka namba yako ya WhatsApp endapo mtandao utakatika. Barua ndefu ya kujipigia debe haitakiwi hapa. Nayo anwani yako ya barua pepe iwe na jina lako, si lile jina la utani ulilolitunga kidato cha pili.

Saa ndizo zinazoangusha watu, na zinawaangusha kwa njia tatu.

Ya kwanza ni majira. Mashariki mwa Marekani, yaani Boston, New York na Washington, wako nyuma yetu saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto. Wanabadilisha saa zao Jumapili ya kwanza ya Novemba na Jumapili ya pili ya Machi. Msaili wa Boston akikuandikia 10:00 a.m. mwezi Januari, Dar na Nairobi ni 18:00. Akiandika hivyohivyo mwezi Oktoba, ni 17:00. California ongeza saa tatu zaidi: 10:00 a.m. yao ya Januari ni 21:00 yetu, na 3:00 p.m. yao ni saa 8 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Walioko Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wapunguze saa moja kwenye hesabu hizi.

Ya pili ni saa ya Kiswahili yenyewe. 4:00 p.m. ni saa kumi jioni, lakini kichwani mwa mtu mwenye haraka ile nne inabaki nne, na kuna wanaofungua kompyuta saa nne usiku wakakuta wamechelewa saa sita. Kila unapoandika muda tumia mtindo wa saa 24 na utaje mji: "18:00, saa za Dar es Salaam".

Ya tatu ni tarehe. 02/03 kwa Mmarekani ni tarehe 3 Februari. Kwako ni 2 Machi. Andika mwezi kwa herufi.

Mikasa mitano

Kosa la kwanza la maandalizi ni kutafuta orodha ya maswali hamsini na kukariri majibu hamsini. Msaili akiuliza swali la hamsini na moja, umekwama. Na hata akiuliza lile ulilokariri, jibu linatoka kama ngonjera: sauti inapanda, macho yanatazama juu, hakuna pumzi hadi beti liishe. Msaili amesikia ngonjera nyingi, ya kwako ataitambua sentensi ya pili.

Andaa mikasa badala ya majibu. Chukua karatasi, uigawe sehemu tano. Kila sehemu andika tukio moja la kweli kutoka maisha yako ya miaka miwili mitatu iliyopita: moja la darasani au la kitu unachopenda kukijua, moja la kazi au majukumu ya nyumbani, moja la kufanya na wenzako, moja la kushindwa au kubadilisha mawazo, na moja la kitu unachokifanya kwa sababu tu unakipenda. Chini ya kila tukio weka mambo manne: nini kilitokea, wewe binafsi ulifanya nini, tarakimu moja, kama ni siku, shilingi, watu au kilo, na nini hukukitegemea. Maneno machache tu, usiandike insha.

Halafu jaribu maswali ya kawaida juu ya karatasi hiyo. Tueleze kuhusu wewe. Somo gani unalipenda na kwa nini? Unafanya nini nje ya darasa? Lini ulikosea? Ungebadilisha nini shuleni kwako? Marafiki zako wangekuelezaje? Utaona tukio moja linajibu maswali matatu au manne, na maswali karibu yote yana pa kuangukia.

Tuangalie moja kwa karibu. Mifano hii iko kwa Kiswahili ili uone umbo. Usaili wenyewe utakuwa kwa Kiingereza. Swali ni lile la "nieleze kidogo kuhusu wewe", na jibu linalosikika mara nyingi ni hili:

"Naitwa Neema, nina miaka kumi na tisa, nimezaliwa Tanga, kwetu tuko watano na mimi ni wa tatu. Napenda kusoma, kusikiliza muziki na kusaidia jamii. Ndoto yangu ni kuwa mtu wa manufaa kwa taifa langu."

Hakuna uongo hapo, lakini msaili ataendelea na nini? Jina analo tayari. Linganisha na hili:

"Niko kidato cha sita, nasoma uchumi, jiografia na hesabu. Jioni nakaa dukani kwa mama. Mwaka jana nilianza kuandika kwenye daftari kila anayekopa: nani, amekopa nini, amelipa lini. Baada ya miezi mitatu nikaona unga unalipwa ndani ya wiki, vocha za simu hazilipwi. Mama akaacha kukopesha vocha. Tangu hapo nimeanza kupenda takwimu, ingawa kuna wateja wawili hawatusalimii mpaka leo."

Ni nusu dakika. Lakini sasa msaili ana pa kuvuta: kwa nini unga na si vocha? Mama alikubali mara moja? Uliwezaje kujua si bahati tu ya miezi ile mitatu? Wale wateja je? Mazungumzo yameanza, na yako uwanjani kwako. Zingatia pia kilichokosekana kwenye jibu la pili: hakuna "uongozi", hakuna "shauku", hakuna "kuleta mabadiliko". Msaili atayaandika mwenyewe hayo kwenye ripoti akiona sababu.

Adabu yetu inapotuponza

Tumefundishwa kusema "tulifanya". Klabu ilipanda miti, shule ilishinda mdahalo, sisi tulichangisha. Nyumbani anayesema "mimi, mimi" anaonekana ana majivuno. Lakini msaili hasaili klabu. Akisikia "tulichangisha" atataka kujua nani alipita madarasani na bakuli, nani alitunza daftari. Sema "tulichangisha shilingi laki tatu, kazi yangu ilikuwa kutunza hesabu na kuwafuata walioahidi". Hujajisifu, umetaja kazi yako.

Kutazama chini mbele ya mkubwa ni heshima kwetu. Kwenye skrini kunasomeka kama kuficha kitu au kusoma karatasi. Tazama kamera unapoongea, uso wake anapoongea yeye. Majibu ya "ndiyo" na "hapana" nayo ni ya heshima, ila yanamwachia mgeni kazi yote. Akiuliza swali la ndiyo, mpe ndiyo na sababu. Kuhusu kumwita, anza na jina la ukoo likitanguliwa na cheo cha heshima. Akikwambia umwite jina la kwanza, mwite hivyo hata kama ulimi unasita. Msaili akiwa Mtanzania au Mkenya, shikamoo yako mpe, kisha ungojee aanze Kiingereza.

Jingine halisemwi sana: usigeuze usaili kuwa matanga. Kama maisha yamekuwa magumu na ugumu huo unaeleza jambo, utaje kwa sentensi moja na uendelee na ulichofanya. Wapo wanaoshauriwa kwamba Mmarekani anataka kusikia umaskini wa Mwafrika, wakafika wakipanga misiba mfululizo. Msaili atakuhurumia, atakuombea, na kwenye ripoti atakosa la kuandika kuhusu akili yako.

"Kwa nini chuo hiki?"

Swali hili haliepukiki na ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote. "Ni chuo bora duniani" analijua. "Mandhari ni mazuri" hata mtalii angesema. Tumia saa mbili kwa kila chuo kutafuta vitu viwili vilivyomo humo na visivyo kila mahali, halafu uvifunge na mkasa mmoja wa kwako. Brown haina masomo ya lazima ya jumla. Chicago inayo mengi. Anayeweza kusema kwa nini mfumo mmoja unamfaa kuliko mwingine amefikiri. MIT ina mpango uitwao UROP unaowaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye utafiti wa wahadhiri; ukiutaja, taja na ungependa kutafiti nini. Dartmouth hugawa mwaka kwa robo, na mwanafunzi ana uhuru wa kupanga robo zipi awe chuoni. Fungua orodha ya kozi za idara yako, chagua mbili za mwaka wa pili au wa tatu, usome maelezo yake. Dakika ishirini tu, na wengi hawazifanyi.

Akikuuliza umeomba wapi kwingine, jibu kwa upole kwamba umeomba vyuo kadhaa vyenye idara nzuri ya somo lako. Orodha si lazima. Ada na ufadhili usimuulize yeye: hahusiki na hilo, na mara nyingi hajui. Andikia ofisi ya misaada ya kifedha.

Mazoezi

Kwa usaili wa kwanza tenga saa nane hadi kumi, zisizidi hapo. Saa mbili za mikasa, saa mbili za kukisoma chuo, zilizobaki mazoezi ya mdomo. Chuo cha pili na kuendelea saa mbili tatu zinatosha, maana mikasa unayo.

Zoezi la kwanza fanya peke yako, ujirekodi kwa simu. Sikiliza rekodi ukiwa na saa mkononi: jibu lililozidi dakika mbili likate, lililo chini ya sekunde ishirini liongezee. Sikiliza pia kama sauti inafifia mwisho wa sentensi. Kwa Kiingereza cha shule ni ugonjwa wa kawaida, na kwenye mtandao mbovu maneno ya mwisho hayafiki kabisa. La pili fanya na mtu asiyekujua vizuri, mathalani jirani aliyesoma au mwalimu wa shule nyingine. Mwalimu wako anakijua kisa chako tayari, atakuelewa hata usipoeleweka. Mwombe akukatize na kukubishia. La tatu fanya kwa simu ileile, kiti kilekile, saa ileile utakayosailiwa.

Saa ileile ni muhimu kwa sababu usaili wa Marekani kwetu huangukia jioni au usiku. Ushauri wa kukaa ukitazama dirisha hauna kazi jua likishazama. Weka taa nyuma ya simu, imulike uso wako. Taa ikiwa nyuma yako utaonekana kivuli. Simu iegemeze kwenye vitabu hadi kamera ilingane na macho. Hedifoni za waya ni bora kuliko spika. Novemba na Desemba ni msimu wa vuli sehemu nyingi za pwani: mvua ikipiga bati, hakuna maikrofoni itakayokuokoa, kwa hiyo ujue mapema chumba kipi kina dari, au uombe ofisi shuleni.

Weka bando la angalau GB 2 na chaji kamili, na simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine tayari kugawa intaneti umeme ukikatika na ruta kuzimika. Angalia jina linaloonekana Zoom, lisiwe la aina ya simu. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano dakika ya 40. Ikitokea katikati ya sentensi usipanike, bonyeza linki ileile urudi. Mtandao ukikwama zaidi ya dakika mbili, tuma ujumbe wa WhatsApp wenye sentensi moja na upendekeze kuendelea kwa sauti bila video. Wasaili wa mikoa yetu wameyazoea haya.

Ukikutana na msaili ana kwa ana, iwe mahali pa wazi: mgahawa, ofisi, maktaba. Mzazi au mlezi ajue mahali na saa. Akikusindikiza akae meza nyingine. Fika dakika kumi kabla. Shati safi linatosha, na sare ya shule si aibu. Agiza kitu kidogo usichohitaji kukipigania kwa uma, uwe na pesa za kukilipia, na akisema atalipa yeye, sema asante mara moja bila mvutano. Vyeti usibebe ila umeombwa.

Maswali yako

Dakika za mwisho atakuuliza kama una swali. "Hapana, umeeleza vizuri" ni jibu la heshima na ni kosa. Beba matatu, utumie mawili. Yasiwe ya kujibiwa na tovuti, na yaendane na umri wake: aliyehitimu mwaka 1994 hajui chakula cha bweni cha leo. Muulize kozi gani ilimbadilisha alichokuwa anakiamini, ni nini kilimsumbua muhula wa kwanza, ni aina gani ya mwanafunzi asiyefurahia chuo kile. Hilo la mwisho huwafanya watulie kidogo, kisha waseme ukweli.

Siku hiyohiyo au kesho yake mwandikie shukrani, sentensi tatu hadi tano, ukitaja jambo moja mliloliongelea ambalo lisingeweza kuandikwa na mwombaji mwingine. Kama ulikosea tarakimu au jina, sahihisha hapo kwa sentensi moja. Usiulize umefanyaje, usiulize nafasi yako ikoje, na usipeleke zawadi: hata kilo ya kahawa au kitenge kwa nia njema kinamweka mahali pabaya. Akijibu kwa neno moja au asijibu kabisa, usitafute maana. Ripoti yake huenda aliituma usiku uleule.